Samaki Wasio na Bei

Mjini Homa Bay mtu akisema anakwenda ufuoni kutafuta samaki, hakuna amwulizaye samaki hao ni wa nini. Aulizwacho ni bei. Ndiyo maana siku mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwenyeji wa Nyatike katika Kaunti ya Migori aliyekuwa akifundisha shule ya upili karibu na mji huo, alipofika ufuoni na ndoo yenye maji akataka auziwe samaki sita walio hai, wadogo kuliko wote waliokuwapo, wachuuzi walitazamana. Mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa akianua omena, alimwuliza kwa upole, kama asemaye na mfiwa: “Mwalimu, kuna mgonjwa nyumbani aliyeagizwa dawa?”

Hakukuwa na mgonjwa. Palikuwa na hodhi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 40, lililoundwa na fundi wa vioo vya madirisha ambaye hakuwa amewahi kuunda kitu cha aina hiyo, na ambaye kwa hivyo alilipaka gundi mara tatu badala ya mara moja. Likijaa huchukua takriban lita 144 za maji, yaani uzito unaomzidi mtu mzima mnene, na meza ya kwanza lililowekwa juu yake ilipinda siku ya pili. Hatimaye lilitulia juu ya matofali kando ya dirisha la sebuleni, pahali ambapo mwanga wa asubuhi hulifikia na jua la adhuhuri halilifikii. Halikuwa na kifuniko, na huo haukuwa usahaulifu wa fundi. Mwalimu alitaka mimea ichomoze: mayungiyungi yatandaze majani juu ya uso wa maji, na majani mengine yainuke hewani kama yafanyavyo kandokando ya ziwa. Fauka ya hayo, joto la Homa Bay si la kufanyiwa mzaha, na maji yaliyo wazi hupoa kwa kuvukizwa ilhali yaliyofunikwa hupata moto upesi.

Wazo lenyewe alikuwa amelibeba tangu utotoni, tangu siku alipopelekwa na shule yake kuyazuru Makumbusho ya Kisumu na kuwakuta samaki wa ziwani wakiogelea nyuma ya kioo. Wenzake walijazana mbele ya samaki wakubwa wakikisia kila mmoja angelisha watu wangapi. Yeye alikuwa ameduwaa kwa jambo dogo: kwamba samaki ana pande mbili. Kwa mtoto aliyelelewa Nyatike, samaki alikuwa upande mmoja tu, ule unaoangalia juu sahanini.

Mimea haikumpa taabu, isipokuwa mara mbili. Kwanza alipanda chipukizi la mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, na katika muda wa wiki chache likaanza kuisaka dari. (Mafunjo yaliyokomaa hufika mita nne na zaidi. Jambo hili analijua kila mtu aliyepita kando ya ziwa, na huenda ni elimu tu iwezayo kumsahaulisha mtu jambo kama hilo.) Pili, bintiye, kitindamimba, alimletea ua la zambarau lenye majani manene yanayoelea, na baba mtu akalipokea kwa shukrani, akalitoa nje na kulichoma. Lilikuwa gugumaji, mmea wa Amerika Kusini ulioanza kuonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambao tangu hapo umewafungia wavuvi wa Homa Bay na Kendu Bay milango ya kazi yao mara zisizohesabika. Yaliyobaki yalikuwa mayungiyungi, majani marefu kama utepe, na magugu laini yasiyo na mizizi, yote ya papo hapo ziwani.

Taabu ilikuwa samaki. Mkewe mwalimu, ambaye ni muuguzi, aliliweka suala hilo wazi jioni ileile hodhi lilipojazwa. Maji yaliyosimama bila kifuniko, katika kaunti ambayo malaria haijapata kuondoka, ni malezi ya mbu. Alimpa mumewe majuma mawili. Akiona kiluwiluwi mmoja baada ya hapo, maji yote yatakwenda kwenye mchicha na kioo kitarudi kwa fundi. Hakusema hayo kwa hasira. Alisema kama mtu aliyetoka wodini, na mwalimu hakuwa na la kujibu.

Kwa hakika hoja ya samaki na mbu haikuwa ngeni kwa mama huyo. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Kisii, ambako sato, samaki wa kawaida wa kufugwa, waliwekwa katika mabwawa yaliyokuwa yametelekezwa, na baada ya wiki 15 viluwiluwi wa mbu wa malaria wakawa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 94. Jirani mmoja alipopata habari hizo alileta vifaranga wa sato papo hapo. Alikuwa na bwawa, mojawapo ya yale yaliyochimbwa kuanzia mwaka 2009, serikali ilipoamua kila eneo bunge lililochaguliwa lipate mabwawa 200 yenye ukubwa wa mita mraba 300 kila moja. Mwalimu aliwatazama wale vifaranga, wazuri ajabu, wadogo kuliko kidole. Lakini sato hukua hadi kilo na zaidi, hula majani, na dume wake huchimba shimo mchangani kwa mdomo ili apate pahali pa kutagiwa mayai. Baada ya miezi michache hodhi lingekuwa sufuria. Aliwarudisha kwa heshima.

Mwanafunzi wake wa zamani aliyeishi Nairobi alijitolea kumpelekea kwa basi la usiku, ndani ya mfuko wa plastiki uliotiwa hewa, samaki wa urembo wanaouzwa madukani: wale wadogo wenye mikia ya rangirangi, asili yao Amerika Kusini, wanaozaa kila mwezi na kula viluwiluwi kwa ulafi. Kwa vigezo vyote vya mkewe hao ndio waliofaa. Mwalimu alikataa, na hapa ndipo baadhi ya rafiki zake walipoanza kumwona mkaidi. Sababu yake ilikuwa mfereji. Maji yote ya mji ule huteremkia ziwani, na samaki azaaye kila mwezi hahitaji zaidi ya ndoo moja iliyomwagwa pasipostahili na mtoto mwenye huruma.

Wenyeji wa kandokando ya ziwa wanaijua hadithi hiyo, ingawa wengi huisimulia kama hadithi ya neema. Mbuta hakuwa samaki wa Ziwa Viktoria. Alitiwa humo katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, kabla wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu wa viumbe wa majini, alichapisha onyo kuhusu mpango wa kumwingiza mbuta ziwani, wakati ambapo mbuta tayari alikuwa majini. Kwa takriban miaka 20 hakuna aliyeona ajabu. Kisha, mnamo miaka ya 1980, mbuta akafumuka. Viwanda vya minofu vikajengwa, barabara zikapata malori ya barafu, na samaki wadogo waliokuwa wameijaza sakafu ya ziwa, jamii ya furu, wakaporomoka. Katika miaka ya 1970 furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki waliokokotwa chini ya ziwa kwa nyavu. Muongo mmoja baadaye, katika sehemu nyingi, ilikuwa kazi kumpata hata mmoja. Walikuwa zaidi ya spishi 500, karibu zote zisizopatikana pengine popote duniani, na inakadiriwa kwamba takriban 200 kati yake zilitoweka. Baadhi ya zilizonusurika zilihifadhiwa katika mahodhi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Hebu litafakariwe hilo: samaki wa Karungu analindwa na walinzi wa bustani za wanyama ng'ambo, naye mtoto wa Karungu hajamwona.

Ikawa basi mwalimu ameazimia kwamba hodhi lake litakuwa na furu.

Wa kwanza kumtamani alikuwa furu wa Kiswahili, kama alivyopenda kumwita. Ng'ambo ya mpaka wa Isebania, katika maji ya Tanzania, yupo furu mwenye mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni, ambaye mwaka 1985 alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Mwaka 1998 wanasayansi walipomwundia jenasi mpya hawakwenda Kilatini wala Kiyunani. Waliiita Pundamilia. Pundamilia nyererei: kwa mtu aliyefunza fasihi ya Kiswahili, na aliyekuwa na nakala chakavu ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya mwaka 1969, jina hilo lilikuwa zaidi ya kishawishi. Aliwasoma samaki hao kwa miezi. Akagundua kwamba jike huchagua dume kwa rangi, na kwamba mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha jinsi maji ya ziwa yanavyochafuka ndivyo rangi zinavyofifia, majike wakakosa kubagua dume wa kwao na dume wa jirani, na spishi mbili zikayeyuka zikawa moja bila hata mmoja wao kuliwa. Lakini alisoma pia kwamba ni samaki wa majabali, si wa majani, na kwamba madume wake hugombea mawe hadi kutoana magamba. Lita 144 zingekuwa uwanja wa mieleka. Alimwacha Nyerere upande wake wa ziwa.

Omena alimjaribu pia, na kisa hicho kinaelezeka kwa sentensi chache. Alfajiri moja huko Sori, mashua zilipokuwa zikirejea na taa zake, alichota omena 30 wakiwa hai kabla nyavu hazijakazwa, akawatia katika ndoo ya maji ya ziwa, akaabiri matatu ya kwenda Homa Bay. Omena ni samaki wa maji mapana. Huishi kwa makundi makubwa, hula wadudu wadogo mno waeleao majini, naye akiguswa tu amejeruhiwa. Hawakufika Ndhiwa. Jioni hiyo waliliwa, na mkewe alihesabu siku zilizobakia.

Lakini safari ya Sori ndiyo iliyompeleka kwa mamake, na bila hiyo makala ya hodhi hili yangekuwa makala ya kioo tu. Ufuoni Sori wanawake huwaanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani, na kazi moja yao ni kuwachopoa samaki wengine walionaswa pamoja nao. Miongoni mwa wachopolewao ni furu. Baada ya miaka ya 1990, uvuvi ulipompunguza mbuta, furu wa spishi kadhaa walianza kurejea, wengi wao wakiwa wadogo na wa rangi hafifu. Hawana bei. Hutupwa kando kwa kuku, au hugawiwa mtoto aliyesaidia kubeba. Mwalimu aliwaomba, akapewa 19 bure, akawapeleka katika ungo hadi kwa mamake, aliyezaliwa na kukulia Karungu na aliyekuwa amepita umri wa miaka 80. Hakutaka kuwapika. Alitaka kujua ni yupi kati yao aliyekuwa akikaa majanini.

Ajuza aliwatazama kwa muda. Kisha, pasipo kuulizwa tena, akaanza kuwatenga kwa kidole. Hawa wa mawe. Hawa wa mchangani. Hawa walikuwa wakiingia katika mtego wa mianzi, kule mtoni, mvua ikinyesha. Hawa wana miba, watoto hawakupewa. Alipomaliza palikuwa na mafungu sita juu ya ungo. Mwalimu alifungua daftari, akaandika tarakimu moja hadi sita, akashika kalamu.

“Mama, hawa wa mawe wanaitwaje?”

“Fulu.”

“Na hawa wa mchangani?”

“Fulu.”

“Na hawa wa mtegoni?”

Mamake hakujibu upesi. Midomo yake ilicheza bila sauti, kama ya mtu anayetafuta mwanzo wa wimbo. “Dani alikuwa na majina yao,” alisema hatimaye, akimtaja nyanyake. “Hata mimi nilikuwa nayo, baba. Nilipoacha kuwapika, nikaacha kuwaita.”

Daftari likabaki na mistari sita yenye neno moja.

Mwalimu alikuwa amefundisha mara nyingi lile somo linalopendwa na kila mwalimu wa Kiswahili, kwamba mmea mmoja una majina matatu: mpunga shambani, mchele ghalani, wali sahanini. Wanafunzi hufurahi, na aghalabu somo huishia hapo. Usiku huo huko Karungu, akiwa amejilaza akisikiliza mawimbi, aliligeuza somo lake na kulitazama upande wa pili, kama samaki wa Kisumu. Majina matatu yale yamewekwa na nani, kama si mkulima, mchuuzi na mpishi? Lugha huweka jina pale pana shughuli. Mbuta alipokuja hakuja na umaskini wa maneno. Minofu ilipokwenda viwandani na kusafirishwa ng'ambo, mifupa iliyobaki iliuzwa kwa wenyeji, nayo ikapata jina lake la Kiswahili, mgongo wazi, jina ambalo mshairi yeyote angejivunia kulibuni. Samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani ana jina lake, obambo. Omena ana jina kwa Wajaluo, dagaa kwa Watanzania, mukene kwa Waganda. Hakuna aliyeiba majina ya furu. Yaliondoka kimyakimya pamoja na chungu chao, na hata pale samaki wenyewe waliporejea, majina hayakurejea nao.

Asubuhi mamake alikumbuka jambo moja, ingawa si jina. Alisema kwamba wale wa majanini hawamo katika ungo ule hata kidogo, kwa kuwa omena huvuliwa maji mapana na hao hawaendi huko. Kama anawataka, aende kwenye togo, pale Mto Kuja unapoingia ziwani.

Mto Kuja huteremka kutoka nyanda za juu za Kisii, ukapokea Mto Migori, kisha ukamwagika ziwani kupitia uwanda wa Nyatike, ambao kila msimu wa masika huishi kwa wasiwasi wa mafuriko. Mafunjo yaliyopo huko ni ukuta. Maji yake ni ya rangi ya chai, yametulia, na hewa iliyomo ni haba kwa sababu ya majani yanayooza. Upungufu huo wa hewa ndio uliokuwa ngome. Mbuta huhitaji maji yenye hewa tele, naye akiingia mafunjoni hudhoofika. Samaki wadogo waliozoea kuvuta pumzi kwa shida waliponea humo, mlangoni mwa adui. Kisa kama hicho ni cha Ziwa Kanyaboli huko Siaya, lililotengwa na kinamasi cha Yala, ambamo ngege wa asili alisalimika ilhali ziwani kwenyewe alikuwa karibu kusahaulika.

Kijana mmoja mvuvi, aliyejulishwa kwake na kamati ya ufuo, alimwongoza kwa mtumbwi. Hakuwa na imani na kazi hiyo. “Japuonj,” alimwambia, “hawa hata paka anawachambua.” Lakini alikuwa na mkono mwepesi, na kikapu chake, kilichosukumwa chini ya mizizi na kuinuliwa polepole, kilitoka na vitu vilivyong'aa.

Aina tatu zilisafiri hadi Homa Bay, safari hii zikiwa salama. Ya kwanza ilikuwa samaki wembamba kama sindano ya kushonea magunia, wasiozidi sentimita nne, wanaoogelea karibu mno na uso wa maji, na wenye ukingo wa jicho unaowaka samawati mwanga ukiwaangukia kutoka juu. Waliwamaliza viluwiluwi kwa siku mbili. Mkewe mwalimu alikuja na tochi, akainama, akachunguza pembe zote nne, akaenda zake bila neno, jambo ambalo katika nyumba ile lilihesabika kuwa cheti.

Aina ya pili ilikuwa kosa. Alikuwa samaki mmoja tu, wa rangi ya udongo, mpole wa sura, wa jamii ya Ctenopoma. Mwalimu alimpenda kwa kuwa alipanda juu mara kwa mara kumeza hewa, ishara kwamba umeme ukikatika hatadhurika. Hakujiuliza samaki avutaye hewa anaweza kwenda wapi. Saa kumi alfajiri mkewe, akijiandaa kwa zamu, alimkuta katikati ya sebule akitembea kwa mapezi kuelekea mlangoni, hai kabisa, na paka amekaa mbali akimtazama kwa kitu kilichofanana na heshima. Alirudishwa Kuja kabla ya Jumapili, pale pale alipotolewa, na maji ya ndoo yake yakamwagwa kwenye mchicha. Baada ya hapo mwalimu alipunguza maji hadi yawe sentimita nane chini ya ukingo, akayaacha mayungiyungi yatande, kwa kuwa samaki mwenye paa la majani hana haja ya kuruka. Ni ushauri ambao angeweza kuupata kabla ya kisa, lau angekuwa na wa kumwuliza.

Aina ya tatu ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Walikuwa wanne, dume mmoja na majike watatu, kila mmoja wa urefu wa kidole cha shahada cha mtoto. Rafiki yake mtaalamu wa samaki alizitazama picha, akamwandikia jina: Pseudocrenilabrus multicolor victoriae. Kwa ukoo ni binamu wa furu, si furu halisi, na mwalimu alikiri kwamba neno “binamu” lilimwuma kidogo. Lakini kila kigezo kilitimia. Ni mdogo. Haling'oi jani. Amezaliwa kwenye maji yenye hewa haba, kwa hivyo hakuhitaji pampu wala kuutegemea umeme wa mji ule. Hula kiluwiluwi. Dume, akitulia, huvaa rangi za samawati na manjano zisizoonekana hata kidogo mtu akimwangalia ndani ya ndoo.

Tena jike wake hulea kinywani. Akishataga, huyakusanya mayai yote mdomoni na kukaa nayo takriban majuma mawili, asile kitu, akiyageuzageuza ili yapate hewa. Vitoto vikitoka huvichunga siku kadhaa zaidi, na hatari ikitokea hufungua kinywa vikarudi ndani. Mmoja wa majike aliingia katika hali hiyo mwanzoni mwa msimu wa mvua. Alijificha chini ya mayungiyungi, kidevu kimevimba, macho makubwa. Bintiye mwalimu alianza kuamka mapema kuliko ilivyo kawaida yake. Mamake mwalimu, aliyeletwa Homa Bay kutibiwa macho, aliwekewa kiti kando ya hodhi kwa kuwa hapo ndipo penye mwanga, na alikuwa ndiye mtu wa kwanza kusema, kabla ya wengine kugundua: “Huyu amefunga kinywa. Msimsumbue.”

Katika juma la pili mvua kubwa ilinyesha mchana, upepo ukaangusha nguzo, na umeme ukapotea kwa siku tatu. Hodhi halikutaka kitu. Jioni ya siku ya kwanza, kwa mwanga wa taa ya mafuta, bintiye mwalimu aliita watu wote. Karibu na jike palikuwa na wingu la nukta, labda 30, kila moja na macho mawili. Paka aliruka dirishani, kivuli kikapita juu ya maji, na wingu lote likaingia kinywani mwa mama yao kama nyuki mzingani. Ajuza alicheka hadi akapangusa machozi.

“Mnamwitaje?” aliuliza.

Mtoto alilitamka jina la kisayansi lote, vipande vitatu, bila kukwama. Nyanyake alijaribu kulirudia, akafika nusu, akaacha. “Hilo ni jina la kuandikiwa hospitali,” alisema. “Mtoto haitwi hivyo.” Akasikiliza mvua juu ya mabati kwa muda. “Si amewatoa mvua ikinyesha? Basi ni Akoth.”

Mwalimu akachukua taa, akaenda kulitafuta daftari.